Gitaa la Mkunga wa Kabambare

Aliyeanza kulalamika ni mama mmoja wa kabila la Wabangubangu aliyekuja kujifungua mtoto wake wa tano. Alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha wodi ya wazazi, huko Kabambare, mashariki mwa Kongo, na mkunga Emilienne alikuwa akimpapasa tumbo ili ajue kichwa cha mtoto kiko upande gani. Mama yule alikunja uso, akaushika mkono wa Emilienne, akaugeuza na kuvitazama vidole.

"Mama Emilienne," akasema, "leo umeniletea mikono ya mutu wa shamba. Unanikwaruza."

Wanawake waliokuwa kwenye vitanda vingine wakacheka. Emilienne naye akacheka, lakini mkono wa kushoto aliuficha mfukoni mwa koti lake jeupe. Alijua vizuri kilichoviharibu vidole vile. Hakikuwa jembe. Lilikuwa gitaa.

Gitaa lenyewe lilikuwa la mumewe. Fidèle alikuwa dereva wa lori lililobeba pamba kutoka Kabambare kwenda Kasongo, na katika safari moja ya mbali alilinunua Bukavu kwa mtu aliyekuwa akihama. Ulikuwa mwaka wa 1955, na wakati ule kila kijana aliyekuwa na mshahara alitaka gitaa, kama alivyotaka baiskeli na saa ya mkono. Fidèle alilipiga kwa wiki moja. Vidole vikamuuma, akalitundika ukutani juu ya kitanda, akasema anangoja msimu wa pamba uishe apate nafasi. Msimu ukaisha, mwingine ukaanza, gitaa likabaki pale likishika vumbi.

Emilienne ndiye aliyelishusha. Hakuwa na sababu kubwa. Aliipenda tu sauti yake. Jioni, akishatoka kazini, aliketi barazani, akaliweka juu ya paja na kutafuta kwa kidole kimoja nyimbo alizozijua tangu utoto. Baadaye karani mmoja wa posta alimwonyesha mishiko miwili, yaani namna ya kuvipanga vidole kwenye shingo ya gitaa ili nyuzi kadhaa zilie pamoja na kupatana. Mshiko wa kwanza ulimchukua siku nyingi. Wa pili ulimtoa machozi, kwa sababu nyuzi zilikaa juu sana, mbali na ubao wa shingo, na kila moja ilitaka kubanwa kama mtu anayefunga mzigo. Tena baadhi hazikuwa nyuzi hasa. Zile tatu nyembamba zilipokatika, Fidèle alifumua waya wa breki ya baiskeli akafunga nywele zake za chuma mahali pake.

Hata hivyo Emilienne hakuacha. Ncha za vidole zikapasuka, zikapona, zikapasuka tena, mwishowe zikaota sugu. Mpiga gitaa akiota sugu hufurahi. Kwa mkunga ni shida, maana yale asiyoweza kuyaona kwa macho huyaona kwa ncha za vidole.

Malalamiko yakafika kwa mtawa wa Kibelgiji aliyesimamia wodi, ambaye watu wote walimwita Mamere. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye haraka, na alimthamini Emilienne kuliko alivyokuwa tayari kusema. Alimwita kwenye chumba cha dawa, akamshika mkono, akapitisha kidole gumba chake juu ya ncha zile ngumu.

"Ni nini hii?"

"Ni gitaa, Mamere."

Mamere akauachia mkono ule. "Mimi sina neno na gitaa," akasema. "Lakini vidole kama hivi haviwezi kusikia mutoto. Likizo yako ya mwaka jana iko bado. Chukua wiki mbili. Ukirudi na vidole vyako vya zamani, vizuri. Kama hapana, utachagua, gitaa ao kazi."

Emilienne alitoka na hasira ambayo hakujua aielekeze kwa nani, kwa sababu Mamere hakuwa amekosea. Jioni alimweleza mumewe. Fidèle, ambaye alikuwa akila ugali wa muhogo na sombe ya majani ya muhogo, aliona jambo lenyewe ni rahisi.

"Rudisha gitaa kwenyi ukuta," akasema. "Hata mimi ilinishinda. Si aibu."

"Wewe ilikushinda kwa wiki moja. Mimi nayo, tunaanza kusikilizana."

"Sasa unataka nini, bibi yangu?"

Emilienne akaelekeza kidole kwenye gitaa. "Kuna mutu alitengeneza hii gitaa. Kama mutu moja aliweza kuitengeneza iwe ngumu, mutu mwingine anaweza kuitengeneza iwe laini."

Fidèle akaacha kutafuna. Yeye alikuwa mtu wa injini, na maneno ya namna ile aliyaelewa. Akamwambia kwamba huko Kasongo yuko fundi mmoja wa mbao ambaye yeye humpelekea mbao kila mara, na lori linaondoka asubuhi. Kulipokucha, Emilienne alilifunga gitaa kwenye kitenge, akapanda mbele, akaketi nalo mapajani njia nzima. Kwenye kila daraja la magogo Fidèle alipunguza mwendo, si kwa ajili ya pamba.

*

Fundi Kasimu alikuwa na karakana yake nyuma ya soko la Kasongo, hatua chache kutoka msikitini. Alikuwa mtu mfupi, mwenye ndevu zilizochanganyika mvi na vumbi la mbao, na alitengeneza vitanda, milango na madawati. Watu wa ukoo wake walikuwa Waislamu wa mji ule tangu siku za babu wa babu yake, na alikuwa na sifa ya mtu asiyependa upuuzi. Fidèle alipokifungua kitenge, Kasimu alikitazama kilichomo kama mtu aliyeletewa chupa ya pombe.

"Dereva, wewe unanijua," akasema. "Hii ni kitu ya baa. Watu watasema nini wakisikia inalia kwangu?"

Fidèle alitaka kuomba radhi, lakini Emilienne akatangulia.

"Baba Fundi, mimi sikuleta muziki. Nimeleta mbao yenye ugonjwa."

Kasimu akamtazama. Halafu alilichukua gitaa, akaliinua mpaka usawa wa jicho, akafumba jicho la pili, akaitazama shingo toka mwanzo hadi mwisho kama anavyotazama ubao kabla ya kuupiga randa. Alipoliteremsha, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Shingo imepinda," akasema. "Nyuzi zimeivuta. Ni nani alifunga hizi waya?"

Fidèle akageuka na kuanza kukagua gurudumu la lori lake.

Ndivyo kazi ilivyoanza. Kasimu alisema siku moja haitoshi, na mkewe Fatuma, aliyekuwa amekuja na chai, akakata shauri papo hapo kwamba mgeni atalala kwao. Fidèle akarudi na lori, na Emilienne akapewa chumba kimoja na Mwanvua, binti wa nyumba ile.

Mwanvua alikuwa ameolewa Nyangwe, kwa mvuvi mmoja wa mto Lualaba aitwaye Abdallah. Alikuwa amerudi kwa mama yake ili ajifungue mtoto wake wa kwanza, na tumbo lake lilikuwa limeshakuwa kubwa. Hakuruhusiwa kuchota maji wala kutwanga, na alikuwa amechoka kuketi. Tena alikuwa na hofu. Fatuma alimnong'oneza Emilienne jikoni kwamba binti yake hataki kabisa kusikia neno hospitali; akiona koti jeupe tu anatetemeka. Koti jeupe la Emilienne mwenyewe lilikuwa Kabambare, na hakuona haja ya kulitaja.

Kwanza Kasimu alizitoa nyuzi zote. Akaifunga shingo kwa kitambaa cha maji ya moto, akaibana kati ya mbao mbili nzito kwa vyuma alivyotumia kubana vitanda, akaiacha hivyo kwa siku kadhaa. Wakati huohuo Fatuma alivishughulikia vidole vya mgeni wake. Kila asubuhi na jioni alimwekea bakuli la maji ya uvuguvugu, kisha akampaka mawese na kumfunga vitambaa safi. Sugu zikaanza kulainika na kutoka kidogo kidogo, kama ganda la muhogo uliolowekwa.

"Sasa hutagusa waya hata kidogo," Fatuma akamwambia. "Ukigusa, nitakufunga mikono yote miwili nyuma."

"Nani atajaribu gitaa, sasa?"

Fatuma akaelekeza kidevu chake kwa Mwanvua, aliyekuwa amejilaza kwenye mkeka akijipepea.

*

Kwa hiyo ikawa kwamba gitaa lile lilijaribiwa na mtu ambaye hakuwahi kushika gitaa maishani mwake, na Kasimu baadaye alikiri kwamba hakuna jaribio lililokuwa bora kuliko hilo. Mtu aliyezoea huvumilia maumivu bila kujua. Mwanvua hakuvumilia chochote.

Shingo ilipotolewa kwenye mbao ilikuwa imenyooka. Kasimu akarudisha nyuzi na kumpa bintiye. Emilienne, mikono imefungwa vitambaa, alimwelekeza kwa mdomo: kidole hiki hapa, kile pale, bana.

Mwanvua akabana, akaachia mara moja, akapuliza kidole. "Inauma."

Kasimu akalitazama tena. Aliona kwamba nyuzi zilipita juu ya vijiti viwili vya mbao ngumu, kimoja mwanzo wa shingo, kingine chini karibu na tundu la kutolea sauti, na kwamba vijiti vile ndivyo vilivyozibeba juu kupita kiasi. Akachukua tupa, akaikata mifereji ya nyuzi iingie ndani zaidi, akapiga msasa. Akarudisha. Akampa Mwanvua.

"Inauma kidogo," akasema Mwanvua.

Akakata tena.

"Bado."

Sasa Kasimu alikuwa ameanza kukasirika, na mkono wenye hasira hukata sana. Aliporudisha nyuzi safari ile zilikuwa zimelala karibu kabisa na shingo. Mwanvua akabana, uso ukamng'aa, kisha akapiga. Sauti iliyotoka ilikuwa ya nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo.

"Haiumi, Baba," akasema kwa adabu. "Lakini sasa inakoroma."

Fatuma, aliyekuwa akipepeta mchele nje, alicheka hadi akauweka ungo chini. Kasimu alisimama na tupa yake mkononi, akaonekana kama anayetaka kusema jambo kali, halafu mabega yakaanza kumtikisika naye. Alicheka mpaka akakaa kwenye benchi.

"Nimekata kama vile ni mlango," akasema. "Hii haitaki mukono wa mlango."

Alianza upya. Kijiti cha mwanzo wa shingo alikitupa, akaomba mfupa wa mguu wa mbuzi. Fatuma akauchemsha ukatakata, Kasimu akaukausha juani na kuuchonga kwa msumeno mdogo mpaka ukawa kipande chembamba, laini na cheupe. Mifereji yake aliikata kidogo tu, akapima, akakata, akapima. Hakumwita bintiye mpaka alipokwisha kujaribu mwenyewe kwa kidole chake kikubwa, akiwa ametazama kwanza nje kama hakuna jirani anayepita.

Nyuzi zikakaa mahali pake, si juu, si chini. Hazikukoroma. Lakini Mwanvua alipoziminya zile tatu nyembamba, ziliacha mistari miekundu kwenye vidole vyake.

"Hapa si kosa ya mbao," akasema Kasimu, akijifuta jasho. "Hapa kosa iko ya breki ya baiskeli."

Dukani Kasongo hapakuwa na nyuzi za gitaa wakati ule. Mfanyabiashara mmoja alisema zinaweza kufika na treni ya Kindu, siku Mungu akipenda. Wakaketi wote wanne barazani wakifikiri. Mwanvua, aliyekuwa akisugua kidole chake, ndiye aliyesema.

"Abdallah iko na uzi mupya wa kuvulia. Si wa pamba. Iko laini, unapitisha macho ndani yake, na samaki mukubwa hawezi kuukata."

Emilienne akamgeukia. "Iko mwembamba?"

"Iko wa kila namna. Mwembamba kwa samaki wadogo, munene kwa wakubwa."

Walituma ujumbe kwa wanawake wa Nyangwe waliokuja kuuza samaki sokoni: wamwambie Abdallah kwamba nyumbani kwa mkwewe anahitajiwa, na alete nyuzi zake za kuvulia.

*

Ujumbe ulipofika Nyangwe ulikuwa umefupishwa. Abdallah aliambiwa tu kwamba anahitajiwa haraka kwa mkwewe. Alikuwa kijana mwembamba mwenye mikono mirefu, na alipanda baiskeli yake akiwa bado na magamba ya samaki kwenye suruali. Aliingia uani kwa Kasimu akihema, baiskeli akaiacha ianguke yenyewe, akamwona mkewe ameketi kwenye kiti, ana gitaa mapajani.

Alijifuta jasho, akatazama tena.

"Umeleta uzi?" Mwanvua akamwuliza.

"Uzi gani? Mimi nilifikiri umekufa."

"Mimi niko muzima. Gitaa ndiyo mugonjwa."

Kwa bahati nzuri uzi ulikuwamo, kwa sababu Abdallah hakuwahi kusafiri bila mfuko wake wa kuvulia. Alipokwisha kunywa maji na kumsalimu mkwewe ipasavyo, aliutoa: vibunda vya uzi wa nailoni, vya unene mbalimbali. Yeye na Kasimu wakakaa chini, wakachagua vitatu. Nyuzi nene tatu za gitaa zilizozungushiwa waya wa shaba bado zilikuwa zile za dukani, wakaziacha. Fundo la kushikilia uzi kwenye gitaa lilikuwa la Abdallah, lile analofunga kwenye ndoana, na Kasimu alilitazama kwa makini mpaka akaweza kulifunga mwenyewe.

Siku ile nzima gitaa halikukubali kukaa kwenye sauti. Nailoni ilikuwa ikinyooka. Ukimaliza kuikaza, sauti inashuka tena. Walikaza, wakangoja, wakakaza. Kesho yake alasiri ikatulia. Emilienne akaomba jambo la mwisho: nyuzi zisikazwe mpaka zinapotakiwa kufika, zilegezwe kidogo, kwa kuwa aanzaye hahitaji nguvu nyingi. Kasimu naye akaongeza la kwake. Alichukua penseli yake ya useremala, akailaza juu ya nyuzi mwanzoni mwa shingo, akaifunga kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Penseli ikazishusha nyuzi pale ambapo kubana kulikuwa kugumu zaidi, na sauti iliyokuwa imeshuka ikapanda tena.

Mwanvua akapewa. Gitaa lilikuwa linateleza kwenye tumbo lake, basi Fatuma akakunja kitenge, akalifunga kama mshipi begani, shingo ikaelekea juu na mgongo wa gitaa ukalala juu ya tumbo. Emilienne akapiga magoti mbele yake. Kidole hiki hapa. Kile pale.

Mwanvua akabana. Hakukunja uso. Akapitisha kidole gumba, na sauti ikatoka ya chini na ya upole, nyuzi zote pamoja. Akarudia. Akahamia mshiko wa pili, akakosea, akacheka, akaupata. Abdallah alikuwa ameketi mlangoni na mdomo wazi kidogo.

"Haiumi," akasema Mwanvua, na Abdallah akamwashiria apige tena.

Alipiga muda mrefu, mishiko miwili tu, mbele na nyuma, akiimba chini chini wimbo wa kuvuta makasia ambao wanawake wa Nyangwe wote wanaujua. Ghafla akasimama katikati na kucheka. "Mutoto anapiga gitaa. Anaipiga teke."

"Wapi?" Emilienne akauliza.

"Hapa, chini. Kila siku anapiga hapa chini."

Emilienne hakucheka. Alikuwa amepiga magoti karibu kabisa, na mateke yale aliyaona yakitikisa kitambaa chini ya kitovu, karibu na nyonga. Akavifungua vitambaa mikononi mwake. Ngozi mpya ya vidole ilikuwa nyororo na nyekundu kidogo.

"Mwanvua, dada yangu," akasema, "utaniruhusu niguse?"

Mwanvua akamtazama. Siku zile zote walikuwa wamelala chumba kimoja, wamekula sahani moja, na mwanamke huyu alikuwa amemfundisha kwa mdomo bila kumharakisha. Akaliondoa gitaa. "Gusa."

Wanaume wakatoka. Emilienne alimlaza kwenye mkeka, akapapasa polepole, juu, pembeni, chini. Chini palikuwa laini, pana. Juu, chini ya mbavu, vidole vyake vilikutana na kitu cha mviringo, kigumu, ambacho alipokisukuma kidogo kilicheza. Wiki mbili nyuma huenda angekipita.

"Mutoto iko muzima," akasema. "Anakaa kama mufalme kwenyi kiti, kichwa juu, makalio chini. Pengine atageuka. Pengine hatageuka. Kama hatageuka, hapa nyumbani ni hatari. Lazima uende hospitali mbele ya uchungu kuanza."

Mwanvua akajiinua kwa kiwiko. "Wewe ni nani wa kujua?"

"Mimi ni mukunga wa Kabambare. Koti yangu nyeupe niliiacha kule."

Kwa muda Mwanvua alionekana kama atakasirika. Kisha akaviangalia vidole vya Emilienne vilivyokuwa bado juu ya tumbo lake. "Kumbe na wewe uko mutu wa koti," akasema. "Mimi nilizania watu wa koti wote wana mikono ya baridi." Akamwita mumewe. Abdallah alisikiliza habari yote amesimama, akasema neno moja tu, kwamba atakaa Kasongo mpaka mtoto azaliwe na samaki wa Lualaba watamngoja. Kesho yake walikwenda hospitali wote, Fatuma ametangulia na vyombo, Emilienne akiwa ameshikana mkono na Mwanvua mpaka ndani.

*

Fidèle alipofika na lori, alilikuta gitaa limefungwa vizuri kwenye kitenge. Alipojaribu kulipiga, alitulia, akapiga tena.

"Hii ndiyo ile ile?"

"Ni ile ile," akasema Kasimu. "Sasa usiweke tena breki ndani yake."

Huko Kabambare Mamere alimngoja Emilienne kwenye chumba cha dawa. Akamshika mkono, akapitisha kidole gumba juu ya ncha zote, moja baada ya nyingine. Akatikisa kichwa kuridhika. "Kwa hiyo umeacha gitaa."

"Hapana, Mamere. Gitaa ndiyo imeacha ukali."

Mamere hakuamini mpaka Emilienne alipolileta, naye akalishika mwenyewe. Alibana uzi mmoja wa nailoni, akautazama, akaubana tena. Alisema kwamba kwao, alipokuwa msichana, kaka yake alikuwa na gitaa na hakuwahi kumruhusu aliguse. Halafu akalirudisha upesi na kusema kwamba wodini ni marufuku, ila uani, ambapo akina mama wanaongoja siku zao hukaa mchana kutwa wakihesabu hofu zao, haoni ubaya. Tangu siku ile, saa za mapumziko, Emilienne aliketi uani chini ya paa la mabati, na akina mama wakaimba. Aliyetaka kujaribu alijaribu. Mara moja moja dirisha la chumba cha dawa lilifunguliwa kidogo, likabaki wazi.

Habari za Mwanvua zililetwa na Fidèle kabla mwezi haujaisha. Mtoto hakugeuka. Alitoka makalio kwanza, kama Emilienne alivyohofia, lakini daktari na wakunga walikuwa wamejiandaa, na yote yalikwenda salama. Ni msichana, mnene, mwenye sauti kubwa. Abdallah amerudi mtoni. Na fundi Kasimu, Fidèle akasema huku akishindwa kuzuia kicheko, hatengenezi vitanda vya kutosha siku hizi. Vijana wanamletea magitaa kutoka Kindu na hata Kongolo, na yeye anawagombeza kwanza kuhusu mambo ya baa, halafu anafumba jicho moja na kuitazama shingo.

Emilienne alipopata nafasi ya kwenda Kasongo tena, alimkuta Mwanvua barazani kwa mama yake, mtoto mgongoni amelala. Mapajani alikuwa na gitaa jipya, dogo kuliko yote aliyowahi kuyaona, la mbao nyekundu ambayo bado ilinukia randa. Shingo yake ilikuwa nyembamba, imechongwa kwa kipimo cha mkono wa mwanamke.

"Baba alisema lile la kwako lilimpa wazo," akasema Mwanvua. "Alisema kuanza ni kuanza, kwa nini mutu aanze na kitu cha kumpigisha vita?"

Kasimu alikuwa ndani, anapiga nyundo kwa kelele zaidi ya ilivyohitajika, ili aonekane hasikilizi. Emilienne akavua viatu, akaketi kwenye mkeka, akasogea karibu.

"Mishiko miwili unaijua," akasema. "Leo nitakuonyesha wa tatu. Weka kidole hiki hapa."